Shanga Msibani

Nitaanza na shanga, kwa sababu hadi leo nikiziona zimening'inia kwenye kioo cha gari lake damu inanichemka. Ni shanga za plastiki, za zambarau, kijani na dhahabu, zile za kuchezea watoto. Mwenye gari ni rafiki wa familia yetu, mtu wa heshima zake, ana mgahawa mkubwa huku Kicukiro, Kigali, na kila akipita mbele ya nyumba yangu hupiga honi na kunipungia mkono. Mimi simpungii. Watu wanasema nina kinyongo. Ninacho, tena nakitunza vizuri.

Bwana huyu aliwahi kwenda Marekani kwenye mkutano, katika ule mji mkubwa wa jimbo la Louisiana unaojulikana kwa kanivali. Alikaa hotelini siku chache tu. Akarudi na sanduku la shanga, vinyago vyenye manyoya ya ndege, na maarifa yasiyoisha. Kabla ya safari alikuwa mtu wa mishikaki na viazi vya kukaanga, na mishikaki yake ilikuwa mizuri, sitamnyima haki yake. Baada ya safari akawa mwalimu wetu wa Louisiana. Ungekaa naye mezani ungeambiwa jinsi watu wa huko wanavyokula mamba, wanavyocheza makaburini, jinsi wanawake wanavyofunua vifua barabarani ili warushiwe shanga, na jinsi kila nyumba ilivyo na mganga wake. Watu walimsikiliza wametoa macho. Nani angembishia? Yeye ndiye aliyefika.

Sasa, mke wa kaka yangu anatoka Louisiana. Kaka alisoma huko, akaoa huko, akarudi naye Kigali, wakapanga nyumba Kagarama. Mimi na kaka tulikulia Karagwe, Tanzania, kabla wazazi hawajarudi Rwanda, kwa hiyo tukigombana ni kwa Kiswahili na tukicheka ni kwa Kiswahili. Wifi yangu alipoona hivyo akakataa kukaa pembeni kama pambo. Akanishika mkono akaniambia kwa Kifaransa, nifundishe. Nikamfundisha. Ni mweusi kama sisi, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, na bibi yake alimlea kwa Kifaransa chao cha Krioli ambacho hakifanani sana na kile cha shuleni.

Mwaka wa kwanza tu wa kukaa kwake hapa, rafiki yetu yule akaandaa Usiku wa Kejuni mgahawani kwake. Alimwomba wifi asimame mlangoni amevaa manyoya, akaribishe wageni. Wifi akakataa kwa adabu, nasi tukaenda kama wateja wengine. Akaletwa samaki mweusi kwa pilipili. Akaletwa kuku mwekundu kwa pilipili. Viazi vilikuwa na pilipili, saladi ilikuwa na pilipili, na mhudumu aliyevaa kinyago alishindwa kuona ngazi, akaimwaga juisi. Wifi alikula kidogo, akanywa maji, akaweka uma chini.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Wanasema ni chakula cha kwenu."

"Hiki ni pilipili."

Mwenye mgahawa akaja mezani kifua mbele, mikono nyuma. Yeye alikulia Uganda, Kiswahili chake ni cha kurukaruka. "Nyabo, unasikia kama uko nyumbani kwenu? Nimetengeneza kila kitu vile niliona huko."

Wifi akamwambia asante sana. Mimi nilikuwa na glasi ya maji mkononi na Mungu anajua nilitaka kuipeleka wapi.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa ukubwa wa matusi yale, maana hata jina la usiku wenyewe halikuwa la watu wa wifi. Wifi alinieleza taratibu. Wakejuni ni watu weupe, wazao wa Wafaransa waliofukuzwa Kanada zamani, wakaishia huko kwenye mabwawa na mashamba. Wao kina wifi ni Wakrioli, watu weusi waliochanganya Afrika, Ufaransa, Uhispania na wenyeji wa pale. Wamekaa jirani muda mrefu, wameazimana masufuria, wameibiana nyimbo, hata ladha za vyakula vyao mtu mgeni hawezi kuzitenganisha. "Tulipika karibu sawa," aliniambia, "lakini tulizikwa mbalimbali. Makaburi yao upande huu, yetu upande ule. Na kanisani babu yangu alikaa benchi la nyuma." Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. Baba yake, mkulima wa mpunga, hakuwahi hata kwenda kwenye kanivali ya mji ule mkubwa. Alisema una magari mengi.

Mpunga ndio uliotuunganisha mimi na mzee huyo. Mimi nauza mchele kwa jumla Nyabugogo, karibu na stendi ya mabasi, katikati ya makelele ya wabeba mizigo na madereva. Wifi alikuwa akimpigia baba yake simu ya video akiwa dukani kwangu, na mzee, badala ya kumwangalia mwanawe, aliomba aone mchele. Nikawa nachota kiganjani namwonyesha, huu wa Shinyanga, huu wa Bugarama. Alisogeza uso kwenye simu hadi tukabaki kuona paji la uso tu. Aliuliza unakunywa maji kiasi gani, unanata au unachambuka, na mimi nikajibu kwa Kifaransa changu cha biashara, naye akajibu kwa kile chao, na tulichoshindwa tulionyeshana kwa mikono. Siku moja akanionyesha shamba lake baada ya mavuno, limejaa maji tena, akifuga humo kamba wadogo wa maji baridi. Nikamwambia wewe mzee hulazi shamba. Wifi alipomtafsiria alicheka mpaka akakohoa.

Kila Jumatatu wifi hupika maharage mekundu na wali. Kwao Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na mama aliyekuwa na beseni la nguo aliinjika maharage asubuhi, yakajichemkia yenyewe hadi jioni. Sasa mashine inafua lakini maharage yamebaki. Anayapondaponda kidogo, anatia nyama iliyokaushwa kwa moshi, kitunguu, hoho na seleri, yanakuwa mazito kama mchuzi wa karanga. Shangazi yetu, dada yake baba, alipokuja kutoka Busanza Jumatatu moja na wageni wa kanisani kwake akaandaliwa maharage hayo, alikunja uso hadi leo sijui kama umekunjuka wote.

"Maharage ya wageni?" aliniuliza jikoni kwa sauti ya chini. Alikulia Bujumbura. "Huyu mutoto hakuna mutu alimwambia? Sisi tunakula maharage kila siku, mgeni naye anapewa maharage? Mana yanjye, Mungu wangu. Marekani yote hiyo, chakula yao iko maharage?"

Nikamwambia shangazi, kwao hicho ni chakula cha heshima, onja kwanza. Alionja. Akarudia sahani. Lakini habari iliyofika Busanza ni kwamba mke wa mpwa wake anawapa wageni maharage. Hivi ndivyo tulivyo. Tunataka mtu wa mbali awe na vitu vya ajabu, mamba na vinyago, na akileta kitu kinachofanana na chetu tunamdharau.

Baba wa wifi alifariki wakati binti yake ana mimba kubwa. Daktari alikataa kabisa asipande ndege. Mazishi aliyatazama kwenye simu, amekaa sakafuni sebuleni na miguu imevimba, kaka akiwa amemshikilia mgongo, na mtandao ulipokatika jeneza likiwa bado halijashushwa alipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Uliporudi, watu walikuwa wanaondoka makaburini.

Basi ukoo ukaamua tuweke kilio hapa, Kagarama, kama desturi yetu: watu waje kila jioni, tukae, tuombe, na siku ya mwisho tuondoe kilio kwa chakula, vinywaji na hotuba. Hilo nalishukuru. Waliofika ni wengi, na wengi hawakuwahi hata kumwona mzee kwenye picha. Walisema mwihangane, yaani poleni, wakakaa. Hapo sina la kulaumu.

Lawama zinaanza na sufuria. Wifi alisema siku ya mwisho anataka kupika gumbo. Kwao, mtu akifa, nyumba hujaa masufuria ya majirani, na gumbo lazima liwepo. Ni mchuzi mzito wa kuku na soseji za moshi unaomwagiwa juu ya wali. Baba yake ndiye aliyekuwa mpishi wake katika ukoo, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko wake. Wifi alitaka kulipika kwa mkono wake, kwa ajili ya baba yake. Shangazi akakataa katakata.

"Mufiwa hapiki. Iko aibu kwetu. Watu watasema tulimuacha apike na huzuni yake, na mimba vile."

Nikasema, shangazi, huyu hakushika udongo wa kaburi. Mwachie sufuria moja. Tulibishana hadi kaka akaingilia kati. Ikakubaliwa kwamba chakula chote kitatoka kwa rafiki yetu wa mgahawa, aliyejitolea, na wifi atapika sufuria yake moja. Nilidhani nimeshinda.

Sufuria hiyo ilihitaji kitu kimoja ambacho hapa hakipatikani. Nyuma ya nyumba ya mzee, huko Louisiana, kulikuwa na mti, wao wanauita sasafrasi, na kila mwaka majira ya joto yakielekea mwisho mzee alichuma majani, akayakausha kivulini, akayatwanga na kuyachekecha hadi yakawa unga wa kijani kibichi kilichofifia. Unga huo unaitwa filé. Hautiwi kwenye moto, maana unavutika kama gundi. Unatiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeepuliwa, nao unaufanya mchuzi uwe mzito na kuupa harufu ya msitu baada ya mvua. Binamu wa wifi alipokuja Kigali kutembea alimletea chupa, ile ya kahawa iliyooshwa, imejaa. Mzee alikuwa amemwambia binamu kwamba mikono imechoka, huo ndio wa mwisho kuutwanga yeye. Wifi aliutumia kwa kuuonea huruma, Krismasi, Pasaka, siku kaka alipopata kazi. Siku ya mwisho ya kilio uliobaki ulikuwa wa sufuria moja tu. Alinionyesha, akafungua kifuniko, akanusa, akanipa na mimi ninuse. "Hii ni mikono yake," alisema. Nikamfungia kifuniko.

Siku hiyo tulikwenda Nyabugogo asubuhi kwa kuku, na mimi nikatoa mchele wangu mzuri kuliko wote. Mama mmoja Mkongomani wa kuuza mboga alimnadia bamia akiziita gombo, karibu jina lilelile la mchuzi wao, na wifi akasimama pale akicheka na kulia kwa pamoja, mama wa watu asijue kamfanya nini. Hakununua. Baba yake alikuwa mtu wa filé, aliniambia, na watu wa filé hawachanganyi na bamia.

Mchana akaanza kupika. Kwanza ni unga wa ngano ndani ya mafuta, moto mdogo, unakoroga bila kuacha. Unapita rangi ya mchanga, ya karanga, ya udongo wa barabara ya Busanza, na bado unakoroga, hadi uwe kama chokoleti. Ukiuacha kidogo tu umeungua, unamwaga unaanza upya. Nilimletea kiti, akakataa. Alikoroga amesimama, tumbo limegusa jiko, midomo ikicheza kama mtu anayesali rozari.

Shangazi akaingia, akachungulia, akashtuka. "Yebaba we! Imeungua!" Akanyoosha mkono akazima gesi.

Wifi akaiwasha. "Bado, shangazi. Lazima iwe nyeusi."

"Nyeusi ni mukaa, mwana wanjye. Chakula ya watu haiwi nyeusi."

Akazima tena. Ikawashwa tena. Nikamtoa shangazi jikoni kwa kumwomba anisaidie kuhesabu viti vya hema, na hilo ndilo kosa la siku hiyo, kwa sababu nje ndiko alikokuwa yule bwana.

Alikuwa amefika na vyombo vyake vya chakula na boksi la shanga. Shanga, msibani! Alikuwa anapita hemani anawavisha wageni shingoni mmoja mmoja, wazee, akina mama wa kanisani, anawaambia ndiyo desturi ya kwao marehemu. Watu wamevaa, wafanyeje? Wanadhani wanamheshimu mfiwa. Kinyago amekitundika kwenye nguzo ya hema, juu ya picha ya mzee. Nikakishusha. Akakirudisha akitabasamu.

"Tulia, nyabo. Huko mazishi iko sherehe. Nilienda nikaona na macho yangu, wanacheza na tarumbeta nyuma ya jeneza."

Nikamwambia huko ni mjini, mzee huyu alikuwa mtu wa shamba, amezikwa kwa misa kama unavyozikwa wewe. Hakunisikia. Alikuwa ameshageukia meza ya akina mama, shangazi katikati yao, na sasa anatoa yale mengine. Waganga. Wanasesere wanaochomwa sindano. "Na ile watu hawakutegi kwa maneno. Wanakuwekea kwa chakula. Iko na unga wanatumia, wa majani. Ukikula umekwisha, utafuata mutu kama mbuzi." Wakacheka. Shangazi hakucheka. Ni mlokole wa kweli, anafunga na kuomba, na mambo ya uchawi kwake si mzaha.

Nilikwenda kugombana na mtu wa hema kuhusu taa. Wakati huo mama yake wifi alipiga simu kutoka Louisiana, akitaka kuona watu waliokuja kwa ajili ya mumewe. Sufuria ilikuwa imeshaiva, wifi ameiepua, chupa iko pembeni tayari. Akatoka na simu, akazunguka hemani akimwonyesha mama yake nyuso, na mama akasema asante, asante, kwa kila mtu. Aliona shanga pia. Akauliza, kwa nini wamevaa hivyo? Wifi akamwambia ni wema tu, mama.

Aliporudi jikoni aliniita. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini niliacha mambo ya taa nikakimbia.

"Umeichukua chupa?"

Sikuwa nimeichukua. Tukatafuta kabatini, kwenye friji, chini ya meza. Kisha nikaiona. Ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, imegeuzwa mdomo chini, inachuruzika maji, safi kabisa. Shangazi alikuwa amesimama kando yake anajifuta mikono.

"Shangazi," nikasema, "kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Nimemwaga kwa choo. Nikavuta maji, nikaomba." Alinyoosha mkono amshike wifi bega. "Usiogope, mwana wanjye. Sikuambia mutu. Tumbo yako iko na mutoto wetu, siwezi kuacha vitu kama hiyo kwa nyumba. Nimekulinda."

Nilimfokea. Sitasema nilichosema, lakini nilikisema kwa Kiswahili chote nilichokulia nacho na Kinyarwanda kilichobaki, na akina mama wawili watatu wakaja mlangoni kuona. Nilimwambia ni majani! Ni majani ya mti wa nyuma ya nyumba, kama isombe, hicho kisamvu unachotwanga wewe kila Jumamosi! Shangazi akaanza kulia, akisema mimi nimemkosea adabu mbele za watu. Wifi hakulia. Alikaa juu ya kreti la soda, chupa mapajani, akaigeuza, akaitazama ndani. Kisha akainuka, akashika mwiko, akaonja sufuria yake.

"Nyepesi," alisema. "Baba angesema hii ni supu."

"Tusiitoe," nikasema.

"Watu wamekuja, wifi. Pakua wali."

Tukapakua. Na hapo ndipo adhabu ilipokuwa, maana watu waliipenda. Walipitisha bakuli mara ya pili. Kila aliyepita mbele yake akamwambia, supu tamu sana, mama, supu tamu. Lilikuwa jambo la kweli na walilisema kwa wema, na sikuweza kumkasirikia hata mmoja wao, ndiyo maana hasira yote ikaenda kwa mtu mmoja.

Zikaja hotuba. Msemaji wa ukoo akampa maiki rafiki yetu, kama mtu anayeijua nchi ya marehemu. Akasimama na shanga zake. "Marehemu anatoka kwa watu wa furaha. Huko hawalii. Kwa hiyo leo hatulii, tunacheza!" Akamwashiria kijana wa spika, tarumbeta zikaanza kulia.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nimeshika maiki na muziki umezimwa. Nilisema mzee huyu alilima mpunga. Nilisema huyu bwana alikaa hotelini akatuletea takataka za barabarani, akawatundikia wazee wetu shingoni, akamtisha mama wa watu hadi akamwaga chooni kitu ambacho hakirudi. Nikasema sisi hasa, watu wa nchi hii, tulipaswa kujua. Sisi ambao mgeni akitua uwanja wa ndege anatuangalia kama anatafuta kovu, amesikia jambo moja tu kuhusu sisi na halitoki kichwani, hata ukimpa maziwa, hata ukimwonyesha mtoto wako anacheka. Tunajua jinsi inavyouma. Halafu akaja wa kwetu, mke wetu, tukamfanyia vilevile.

Msemaji akanishika kiwiko. "Dada, tuheshimu msiba," alisema.

Mimi ndiye niliyeambiwa niuheshimu msiba! Mwenye shanga hakuambiwa kitu. Alikuwa amekaa, anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayesamehe.

Wifi akaichukua maiki mkononi mwangu. Kiswahili chake akipata woga kinakuwa kifupi.

"Asanteni kwa kuja. Baba yangu alikuwa mkulima. Alipenda misa, alipenda mchele. Kuna chakula chake nilitaka mle. Leo mmekula supu. Mnisamehe, sikuweza kuwapa chakula chake." Kisha akashukuru kwa Kinyarwanda, "Murakoze," akakaa.

Watu wachache wakavua shanga, polepole, wakaziweka chini ya viti. Wengi waliondoka nazo.

Wiki chache baadaye alijifungua mtoto wa kike mwenye paji la uso la mzee, lile tulilokuwa tunaliona kwenye simu. Shangazi alikuja na uji na kanga mpya, akamwosha mtoto, akakaa na mzazi siku nyingi, na sitasema hampendi. Lakini ukoo uliketi ukaamua kwamba anayedai radhi ni shangazi, na anayedaiwa ni mimi, kwa kumfokea mtu mzima mbele ya wageni. Wameshatuma watu kwangu. Nawakaribisha, nawapa chai, nawaambia siombi. Wakiniuliza ni mpaka lini, nawaambia mpaka mtu mmoja, hata mmoja, aende kumwomba radhi yule aliyemwagiwa. Hapo kila mtu anatazama kikombe chake. Wanasema kwani kilikuwa nini, si majani tu? Siku ile ilikuwa uchawi, leo ni majani tu.

Na bwana yule bado anaendesha Usiku wa Kejuni. Naambiwa siku hizi kuna gumbo, ameliweka baada ya kulionja msibani. Analipika kwa pilipili.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea wifi mchele. Maharage yalikuwa jikoni yanachemka, mtoto amelala mgongoni kwake. Aliniambia ngoja, akafungua kabati, akatoa ile chupa. Ilikuwa imefungwa kifuniko tangu siku ile ilipokauka.

"Mimi sijiamini tena," alisema. "Wakati mwingine naisikia harufu yake, wakati mwingine siisikii. Nusa wewe."

Nikafungua. Nilinusa muda mrefu, nimefumba macho, nikitafuta msitu, mvua, mikono ya mzee, chochote. Ningependa kumdanganya. Lakini wametosha waliomwambia habari za kwao zisizo za kweli.

"Sabuni," nikasema.

"Ya limau," akasema wifi. Akaichukua, akaifunga, akairudisha kabatini mahali pake.